Shule imepata kompyuta, sasa tuweke programu gani? Tulifungue hili fundo taratibu

Kila nikikaa na walimu wenzangu siku hizi swali ni lilelile, shule imeletewa kompyuta, au imepewa vishikwambi, au mwalimu mmoja ana laptopu yake na projekta ya kuazima, sasa tuweke programu gani ili watoto wajifunze kwa ubunifu? Majibu yanamiminika. Mmoja anataja programu anayoijua, mwingine anasema hizo za bure ni mbovu achana nazo, wa tatu anasema bila intaneti huwezi kufanya kitu, wa nne anasema watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi we wape tu watajua wenyewe. Aliyeuliza anaondoka na majina kumi na tano na hajui aanze na lipi. Nimeona niliandike hili kwa urefu kidogo maana majina yenyewe hayana shida, shida ni kwamba tunachanganya mambo manne matano tofauti tukidhani ni jambo moja.

Tuanze na maneno. Hadwea ni vile vitu unavyovishika, kioo, kibodi, mausi, kompyuta yenyewe. Softwea, au programu, ni maelekezo yanayoiambia hiyo mashine ifanye nini. Fikiria cherehani. Chuma na sindano na gurudumu ni hadwea, ule ujuzi wa kukata na kushona shati hatua kwa hatua ndo programu, na kitambaa ndo data, yaani ile kazi ya mtu mwenyewe. Ukinunua cherehani 20 bila ujuzi wa kushona huna nguo hata moja, na hili tunalielewa vizuri kabisa kwa mafundi ila likija suala la kompyuta tunalisahau.

Neno la tatu ni ubunifu na hapa ndo pana mkanganyiko mkubwa. Wengi wakisikia ubunifu wanawaza rangi, picha na muziki, kwahiyo wanatafuta programu yenye rangi nyingi na vikaragosi vinavyorukaruka. Mimi naliweka hivi: darasani ubunifu ni pale mtoto anapoamua kitu mwenyewe, anakijaribu, anaona kimetokea nini, anarekebisha. Hisabati inaweza kuwa na ubunifu mwingi na uchoraji ukawa hauna hata kidogo, kama mtoto kazi yake ni kubofya kisanduku kikajaa rangi iliyopangwa na mtu mwingine.

Ukishaliweka hivyo programu za shuleni zinagawanyika zenyewe. Kuna zinazofanana na kitabu cha maswali, zinaeleza, zinauliza, zinasahihisha, zinatoa nyota. Na kuna zinazofanana na daftari jeupe na kalamu, ukizifungua hakuna kitu humo mpaka mtoto akiweke. Zote zina kazi yake na simtukani mtu anayetumia za kundi la kwanza, jedwali la kuzidisha linataka mazoezi na mashine haichoki kuuliza saba mara nane. Ila kama umesema unataka ubunifu halafu umenunua kitabu cha maswali kinachotoa sauti, umenunua kitu kingine.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja na nimekitumia miaka kadhaa sasa bila kukibadilisha. Kipindi kikiisha, wanafunzi 40 wametoka na kazi 40 tofauti au wametoka na kazi moja iliyorudiwa mara 40? Basi. Kama zote zinafanana, aliyeamua ni programu au mwalimu. Kama zinatofautiana na kila mtoto anaweza kukueleza kwa nini yake iko vile, umepata unachokitafuta, hata kama programu yenyewe ni ya zamani na haina mvuto wowote kwa macho.

Wazo hili limeanza zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi kule Geneva na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, pamoja na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta ya watoto inayoitwa Logo. Baadaye ikapata kasa, kwanza roboti la kutembea sakafuni, halafu alama ndogo kwenye kioo inayoacha mstari kila inapopita. Hoja ya Papert ilikuwa wazi, kwamba mashuleni kompyuta ilikuwa inatumika kumwendesha mtoto, na yeye alitaka mtoto ndo aiendeshe kompyuta.

Hebu nikuonyeshe kwa karibu maana hili ukiliona mara moja halikutoki. Unamwambia kasa mbele 100, kulia 90, rudia mara nne, unapata mraba. Mwanafunzi mmoja wa kike, alikuwa na miaka kama kumi na moja hivi, baada ya mraba akataka nyota yenye ncha tano. Hakuna aliyemwambia achore nyota. Akafikiri, mzunguko mzima ni digrii 360, ncha ni tano, akagawanya akapata 72, akaandika mbele 100, kulia 72, rudia mara tano. Ikatoka pembetano safi kabisa, sio nyota. Akakaa kimya. Akachukua kalamu akachora nyota kwenye karatasi bila kuinua mkono, kisha akasimama akaanza kuitembea sakafuni, anahesabu ncha kwa miguu, anageuka, anageuka. Alipofika mwisho akagundua kwamba mwili wake umezunguka mara mbili na sio mara moja kama kwenye pembetano. Mara mbili ya 360 ni 720, gawanya kwa tano ni 144. Akaandika 144, nyota ikatokea, na kelele aliyopiga ilisikika hadi darasa la jirani.

Sasa angalia kilichofanya kazi pale. Programu haikumwambia amekosea, haikutoa alama nyekundu wala sauti ya kuzomea, ilichora tu alichoiambia ichore na yeye ndo aliyejua kwamba hakutaka hicho. Kosa lake lilikuwa pembetano halali kabisa. Programu nzuri ya kutengenezea vitu ina hiyo tabia, inamwonyesha mtoto wazo lake lilivyo ili alitazame upya. Na wala sio kitu cha gharama, lugha ya Python inakuja na kasa wake tayari ndani, na hata LibreOffice ile ya kuandikia barua ina Logo ndani yake watu hawajui tu.

Mjukuu wa Logo anayejulikana zaidi leo ni Scratch, ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani. Hapo mtoto haandiki amri, anaunganisha vipande vya rangi kama anavyounganisha matofali ya kuchezea, na vipande visivyoendana vinakataa kushikana kwahiyo makosa ya herufi na nukta yanaisha. Imelengwa watoto wa miaka 8 hadi 16, na wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr isiyohitaji hata kujua kusoma. Unaweza kubadilisha lugha ya maandishi yake na Kiswahili kimo, hili ni jambo kubwa jamani, mtoto anayehangaika na Kiingereza na fikra ya programu kwa wakati mmoja anabeba mizigo miwili.

Papert na Resnick wana mfano wa nyumba ambao unanisaidia sana kuchagua. Papert alisema kifaa kizuri kina sakafu ya chini na dari ya juu, yaani anayeanza anaingia kirahisi, na anayeendelea hagongi kichwa mapema. Resnick akaongeza kuta pana, kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna njia nyingi za kwenda, anayependa mpira atengeneze mchezo wa mpira, anayependa hadithi atengeneze hadithi. Programu nyingi zinazouzwa mashuleni zina sakafu ya chini sana, mtoto anafurahi dakika ya kwanza, halafu dari iko palepale usawa wa kichwa, wiki ya pili amemaliza kila kitu na hataki kuiona tena. Nyingine ni kinyume, Blender ya kutengenezea katuni za pande tatu dari yake huioni kwa macho, watu wanatengenezea filamu nzima, lakini sakafu yake ni ngazi ndefu na mwalimu mwenye dakika 40 kwa wiki hatafika nayo popote na darasa la tano.

Tukija kwenye masomo mengine ni hivyohivyo. GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter kule Austria mwaka 2001, inamwezesha mtoto kushika ncha ya pembetatu na kuivuta atakavyo huku anaona namba za pembe zinabadilika ila jumla inabaki 180, na swali la "kwa nini haibadiliki?" linamtoka mwenyewe mdomoni. Audacity ya kurekodi na kukata sauti inaligeuza somo la lugha kuwa mchezo wa redio, nimewahi kuona kundi linakunjakunja mfuko wa plastiki karibu na simu kupata sauti ya moto unaowaka, halafu wakabishana kama nusu saa nzima kama mhusika anyamaze kwanza kabla ya kujibu au ajibu hapohapo. Ubishi ule ni uchambuzi wa fasihi ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Kwa wadogo kabisa kuna Tux Paint ya kuchorea. Sitaji zaidi, maana orodha ndo ilitufikisha hapa.

Sasa hili la bure. Kuna bure za aina tatu na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni bure ya kuonja, unatumia siku 30 kisha mlango unafungwa na kazi za watoto zimebaki ndani. Ya pili ni bure ya kuazimwa, hulipi kitu ila mwenye nayo anaweza kubadilisha masharti au kuizima muda wowote, na mara nyingi unalipa kwa taarifa za watoto au kwa matangazo. Ya tatu ni programu huria, ambayo ndani yake pako wazi, na leseni yake inakupa haki ya kuitumia, kuinakili, kuigawa na kuirekebisha. Ni kama tofauti ya kuazimwa baiskeli kwa masharti na kupewa baiskeli yako pamoja na spana zake. Kwa shule faida inaonekana mara moja, unaiweka kwenye kompyuta zote bila kuhesabu leseni, na mwanafunzi akitaka kuwa nayo nyumbani unampa kwenye flashi bila kuvunja sheria. Audacity, LibreOffice, Tux Paint, Blender, zote ni za kundi hili, kwahiyo anayesema cha bure ni kibovu akumbuke kuna watu wanaoishi kwa kutumia hivi.

Ila huria haimaanishi haina gharama. Lazima mtu aiweke, aijue, afundishe wenzake, na huyo mtu anahitaji muda. Shule inayopanga hela ya mashine bila kupanga saa za mwalimu za kujifunza imenunua samani.

Na intaneti je? Inategemea, na hapa uliza swali moja tu kabla hujakubali programu yoyote: mtandao ukikatika katikati ya kipindi, kazi inaendelea au watoto wote wanakodolea kidude kinachozunguka? Scratch inafunguka kwenye brauza lakini pia ina toleo la kupakua mara moja na kutumia bila mtandao. Kwa vitabu na video kuna Kolibri, ambayo kompyuta moja inabeba maktaba na nyingine zinaisoma kupitia waifai ya darasani, intaneti haiguswi kabisa. Kwahiyo usemi wa kwamba bila bando hakuna teknolojia ya elimu sio kweli, ni kwamba programu zinazotangazwa sana ndo zile zinazotaka bando.

Niongeze jambo ambalo halizungumzwi na mimi linaniuma. Kazi ya mtoto inahifadhiwaje? Kuna shule niliyofundisha ambako tulikuwa na seti nzima ya masomo ya sayansi yaliyochorwa vizuri, tuliuziwa na muuzaji mmoja, yote yametengenezwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe ya kuchezesha picha na michezo. Adobe ilitangaza mapema kabisa kwamba itaacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kweli Januari 2021 ikaanza kuzuiwa. Muuzaji hakutuambia na sisi hatukuwa tunafuatilia. Tukafungua muhula na masomo yote ni kisanduku cheupe. Yale tuliyonunua niliyasamehe, kilichoniumiza ni kazi za watoto wenyewe waliokuwa wamezitengeneza humohumo ndani kwa mwaka mzima, hatukuwa na namna ya kuzitoa. Tangu hapo kabla sijaikubali programu natengeneza kitu kidogo, nakihifadhi, nazima, nakipeleka kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo, naangalia kama kinafunguka. Picha ikitoka kama PNG, sauti kama WAV au MP3, maandishi kama ODT au PDF, niko salama kwa sababu kesho kuna programu nyingine itayasoma.

Sambamba na hilo ni akaunti. Ikiwa programu inamtaka mtoto wa miaka tisa aweke jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe ili achore nyumba, rudi nyuma uulize wanazitaka za nini. Marekani kwa mfano ina sheria inayodai idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, hapo ujue wenzetu wanaliona ni jambo zito. Isiyohitaji akaunti kabisa inanipendeza zaidi, na pia inaniokolea dakika kumi za kila kipindi za paswedi zilizosahauliwa.

Turudi kwa ile hoja ya kwamba watoto wamezaliwa nayo. Kutelezesha kidole kwenye video ni ujuzi wa kutazama. Mtoto huyohuyo anayeruka kati ya apu tano kwa wepesi wa ajabu, mwambie ahifadhi faili kwenye folda na alipate wiki ijayo, utaona. Kutumia na kutengeneza ni vitu viwili, kama mtu anayesikiliza muziki kutwa nzima asivyokuwa mpiga gitaa kwa kusikiliza. Anahitaji kufundishwa na hakuna aibu katika hilo.

Na hoja ya kwamba tukipata kompyuta nyingi mambo yatajipa imeshajaribiwa kwa ukubwa wa kutisha. Mradi wa Nicholas Negroponte wa MIT, wa kumpa kila mtoto laptopu moja, ulitangazwa mwaka 2005, na Peru iligawa mashine mamia ya maelfu. Benki ya maendeleo ya nchi za Amerika ilipofanya utafiti katika shule 319 za msingi za vijijini huko, matokeo yaliyotoka 2012 yalionyesha watoto wanatumia kompyuta zaidi kweli, kulikuwa na nafuu fulani kwenye vipimo vya kufikiri kwa jumla, lakini alama za hisabati na lugha hazikusogea. Kitu kimoja kilichotajwa ni kwamba walimu hawakupewa mwongozo wa kazi ipi iendane na somo lipi. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, nalo 2015 likasema nchi zilizowekeza sana kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya maana katika kusoma, hisabati wala sayansi. Mimi sisomi hapo kwamba kompyuta hazifai. Nasoma kwamba mashine ikifika kabla ya swali la "watatengeneza nini nayo na kwa somo gani", inabaki kuwa mashine.

Na akili mnemba, maana lazima mtu ataniuliza. Mtoto anaandika mstari mmoja, mashine inatoa hadithi ya kurasa mbili na picha juu. Rudi kwenye kipimo. Kazi 40 zitakuwa tofauti kweli, ila sehemu ya pili ya kipimo ndo inakamata: muulize kwa nini mhusika alirudi nyumbani usiku, kwa nini picha ni ya bluu. Kama hana jibu, uamuzi haukuwa wake. Lakini mtoto aliyeandika hadithi yake kwanza, kisha akaiuliza mashine imtafutie mahali panapochosha, akakataa mapendekezo matatu na kukubali moja, huyo amefanya kazi ya mhariri na atakueleza kila uamuzi mpaka uchoke wewe.

Kwahiyo ukitaka kuchagua, jitengee mchana mmoja na kompyuta mbovu kuliko zote za chumbani kwako, sio laptopu yako nzuri, ile inayochukua dakika nne kuwaka. Chukua somo moja unalolifundisha wiki ijayo. Fungua programu kama mwanafunzi, usisome maelekezo, angalia saa, inachukua dakika ngapi mpaka kitu chako cha kwanza kitokee kwenye kioo. Ikizidi kumi weka pembeni. Chomoa intaneti uone. Hifadhi, hamisha, fungua kwingine. Mpe mwanafunzi mmoja mdadisi na mmoja mwoga, kaa nyuma yao ukiwa kimya. Na ukishapata mbili zinazopita, ishia hapo kwa mwaka huu. Darasa linalojua programu mbili kwa undani linatengeneza vitu ambavyo darasa lililoonjeshwa kumi na mbili haliwezi.

Mashine zikiwa chache kuliko watoto usisubiri zitimie. Waweke wawili wawili, dereva na utingo, dereva anashika kibodi na utingo anaangalia njia na kusema kona iko wapi, kila dakika kumi wanabadilishana bila mjadala. Cha kuchunga zaidi ni mkono wa mwalimu. Nilikuwa na kawaida mbaya, mtoto akikwama nainama nachukua mausi, bofya bofya, tayari, naenda kwa mwingine. Siku moja mvulana akawa anawaonyesha wenzake mchezo wake, akafika sehemu fulani akasema "hapa sijui, hapa alifanya mwalimu", akaruka. Siku hizi nikiitwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi naenda mikono iko mgongoni, nauliza "ulitaka ifanye nini, na imefanya nini?", halafu nasubiri.